Flashi Moja, Bweni Zima

 

Najua nimepotea wiki tatu. Samahanini sana. Kulikuwa na majaribio mawili mfululizo, halafu umeme, halafu (niseme ukweli) uvivu. Lakini leo nina jambo limenikaa rohoni, na nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe. Mawe mengine nitajirushia mwenyewe, mtaona.

Ilianza Jumanne pale vimbwetani. Tulikuwa watano, tumetoka kipindi cha saikolojia ya elimu, tunasubiri jua lipungue makali. Mmoja wetu ni mshabiki wa roki, mnamjua, yule wa fulana nyeusi hata mwezi wa kumi jua la Tabora linapopasua kichwa. Akaanza kutusimulia habari za Radiohead, bendi ya Uingereza. Kwamba mkataba wao na kampuni ya EMI ulipokwisha hawakutafuta bwana mwingine kwanza. Walitengeneza albamu yao, In Rainbows, na Oktoba 2007 wakaiachia wenyewe kwenye intaneti, msikilizaji ajipangie bei, hata sifuri ukitaka. Tukasema sawa, hao wajanja. Ndipo jamaa akamalizia: "Siyo kama wazee wenu wa dansi. Muziki wao umekufa kwa sababu walilala."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mfukoni nilikuwa na flashi.

Nieleze habari ya hiyo flashi. Nina babu yangu anakaa Ng'ambo, ni mdogo wake babu mzaa mama. Ujanani alipiga gitaa la rizimu kwenye vibendi ambavyo havikupata jina, vile vya kupiga harusi na sikukuu. Mwaka jana yeye na wazee wenzake watano waliamua kufanya kitu ambacho hawakuwahi kukifanya maishani: kurekodi albamu yao wenyewe. Wakachangishana. Mmoja aliuza mbuzi, mwingine alitumia hela ya asali ya msimu, babu alitoa akiba aliyoificha hata bibi haijui. Wakaingia studio ndogo ya hapa mjini, ambayo siku nyingine inarekodi kwaya na vijana wa singeli. Siku nne, nyimbo nane. Mpiga tumba ana miaka 71 na alikuwa anapumzika kila baada ya wimbo.

Hawakuwa na msambazaji wala meneja. Walinunua flashi 50, wakaingiza nyimbo, wakaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, 1 mpaka 50. Bei shilingi 10,000.

Mimi nilinunua namba 7.

Usiku uleule jirani yangu wa kitanda cha juu akaniomba "mara moja tu". Akaingiza kwenye kompyuta yake. Asubuhi ikaenda chumba cha pili, jioni ikarushwa kwenye kundi la darasa. Kufikia Ijumaa nilisikia wimbo wa tatu, ule wenye solo tamu, ukitoka bafuni bweni la mbele. Nikajisikia fahari kabisa. Muziki wa babu yangu umetamba chuo kizima!

Jumapili nikaenda Ng'ambo kumpa habari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia huko chuoni mnatupiga kila bweni?"

"Ndiyo babu, kila mtu anazo!"

Akacheka, akafurahi kweli, akamwita bibi aje asikie. Halafu akasema, taratibu tu, bila hasira: "Maana sisi tumeuza moja tu huko kwenu. Ile yako."

Jamani. Afadhali angenitukana.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu mimi ni mwalimu mtarajiwa na siwezi kueleza kitu bila kwenda nyuma. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Historia Kidato cha Pili, na nikaangukia mada ya biashara ya misafara. Nikajiandaa vizuri, nikachora ramani ubaoni: Bagamoyo, Ugogo, Unyanyembe, Ujiji. Nikataja pembe za ndovu, chumvi, nguo, watumwa. Nikataja kwamba hapa Kwihara, jirani na mji, Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872, na tembe lao lipo, watalii wanapelekwa. Nikadhani nimemaliza. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, aliyebeba ule mzigo alilipwa nini?"

Nikamwambia ni swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho. Walimu wote mnajua maana yake: sikujua.

Nikaenda kusoma. Nilichokuta kilinishangaza. Sisi tumekua tukidhani kila aliyebeba mzigo kwenye njia ile alikuwa na mnyororo shingoni. Watumwa walikuwepo, na ukatili wake haufutiki. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo ulikuwa na kipimo chake kinachojulikana, kama frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu. Ujira ulipatanwa kabla ya safari, kwa mikono ya nguo ya merikani na baadaye hata kwa fedha. Posho ya njiani ilikuwa na utaratibu wake. Na bwana wa msafara akivunja mapatano, akiongeza mzigo au akikata posho, wapagazi walikuwa na jibu moja: wanaweka mizigo chini. Msafara hauendi. Wasafiri wa Kizungu wamejaza vitabu vyao kulalamikia "ukaidi" huo. Mimi nikisoma malalamiko yao naona watu waliojua bei ya mabega yao.

Basi shikeni hilo, halafu mje na mimi kwenye magitaa.

Tabora hii tunayoiona imelala ilikuwa mji wa muziki hasa. Kiko Kids ya Salim Zahoro ilikuwa inatamba tangu kabla ya Uhuru. Baadaye wakaja Nyanyembe Jazz, jina limetoka kwenye utemi wetu wa Unyanyembe, na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Shem Karenga alitoka Kigoma kuja kuiimbia Tabora Jazz, akatuachia Dada Asha, ambao mpaka leo ukipigwa kwenye harusi shangazi zetu wanaacha sahani. Nyanyembe walitupa Rangi ya Chungwa. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1959, ilikuwa na mizizi huku: mwanzilishi wake Iddi Nhende alikuwa mtu wa Nzega, na hiyo "Western" ndilo lile Jimbo la Magharibi. Kwa hiyo ile njia ya Bagamoyo iliendelea kubeba mzigo hata baada ya pembe kuisha. Mara hii mzigo ulikuwa nyimbo.

Na waliobeba walilipwa nini? Hapo ndipo pananichoma.

Wakati ule mwenye studio alikuwa mmoja: Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Bendi inapanda treni hapa stesheni, inalala njiani, inafika, inarekodi, inarudi. Malipo madogo, na mkanda unabaki redioni. Kiwanda cha kuchapa santuri hapa nchini hakikuwepo, santuri za bendi zetu nyingi zilichapishwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa kwa miaka. Mnakumbuka kwenye Historia kwamba mwaka 1871 Mirambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe njia ya Ujiji ilifungwa na biashara ikasimama? Ndiyo hivyohivyo. Mpiga gitaa wa Tabora hakufunga mpaka yeye, lakini santuri yake ndiyo iliyokwama.

Halafu vyombo. Bendi nyingi zilikuwa za taasisi au za tajiri. Magitaa, maspika, saksafoni, vyote vya mwenye bendi. Mwanamuziki akiondoka anaondoka na mdomo wake na vidole vyake. Hata jina la bendi si lake. Angalieni moja ya bendi kongwe za Dar: ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz kwa sababu chama cha wafanyakazi kiliitwa NUTA. Chama kikabadilika kuwa JUWATA, bendi nayo JUWATA Jazz. Kikawa OTTU, bendi OTTU Jazz. Watu walewale, ngoma ileile, jina linabadilishwa kila mwenye nyumba anapobadilika! Ndipo mwishoni ikabaki na jina lililotoka kwenye muziki wenyewe, Msondo Ngoma, bendi ikajitegemea.

Nisiwe mwongo: chama kiliwalipa mshahara wa kila mwezi, na wanamuziki wengine waliwaonea wivu. Na bila RTD leo tusingekuwa na hizo nyimbo kabisa. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini kutunziwa wimbo si sawa na kumiliki wimbo. Zamani hapa watemi waliomiliki njia walitoza hongo kila msafara uliopita. Neno hongo lilikuwa na maana hiyo kabla halijaharibika. Wanamuziki wetu wamelipa hongo kila kituo, na njia hata hatua moja haikuwa yao.

Mfano mmoja tu unatosha. Muhidin Maalim Gurumo alikuwa NUTA tangu 1964, akaenda Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Nusu karne. Hakuna Mtanzania mwenye redio ambaye hakuijua sauti yake. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013 habari iliyozunguka nchi nzima ni kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kumiliki hata baiskeli. Diamond Platnumz akampa gari. Tukapiga makofi, tukaandika "Mungu ambariki Diamond". Aprili 2014 mzee akafariki. Shem Karenga naye akafuata Desemba mwaka huohuo.

Nampongeza Diamond, alifanya utu. Lakini nawauliza: kwa nini mzee wa nyimbo zile alihitaji zawadi? Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tulivyofundishwa. Hawa walichumia juani, na kivulini wamekaa wengine. Ukimpa mtu zawadi ya kile alichostahili kulipwa, umemfanyia wema na dhuluma kwa mkono mmoja.

Na si kwetu tu. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939, akalipwa shilingi chache, wimbo ukazunguka dunia na kuingia kwenye sinema ya Disney, yeye akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ilipata mapatano ya maana mwaka 2006. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Kwa hiyo nikirudi kwa rafiki yangu wa fulana nyeusi. Ndugu yangu, Radiohead waliweza kwa sababu walikuwa wanamiliki walichokitengeneza. Hata wakisema "chukua bure", wanagawa mali yao. Wazee wetu hawakuwa na cha kugawa wala cha kuuza. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya upagazi kwenda pwani ikafa. Umewahi kusikia mwalimu gani akisema wapagazi walilala? Mbona kwenye muziki tunasema hivyo kirahisi?

Sasa najua mtaniambia nini. Nimeshayasikia yote bwenini, ngoja nijibu moja moja.

"Sisi ni wanafunzi, bumu likichelewa tunakunywa uji bila sukari." Ni kweli, nimo humo humo. Lakini flashi ni 10,000. Chumba cha watu watano ni 2,000 kila mmoja. Hiyo ni sahani moja ya wali maharage. Ijumaa iliyopita chumba changu tulichanga zaidi ya hiyo kununua vifurushi vya kuangalia mpira.

"Kunakili kunawatangaza wazee." Hoja hii naiheshimu kidogo, maana mimi mwenyewe ndiyo niliyokuwa najidanganyia. Lakini Gurumo alikosa kutangazwa? Sifa haziivi jikoni. Kutangaza ni pale unapomwambia mtu "kanunue kwa mzee fulani, Ng'ambo". Ukimpa wimbo mkononi umemaliza, hana tena sababu ya kwenda.

"Mbona tunadesa vitabu kila siku?" Hapa nanyamaza kidogo. Ni kweli, tumezoea desa mpaka tumesahau kwamba kila kitabu kina mtu aliyekesha. Lakini ubaya mmoja hauhalalishi mwingine. Na sisi tunakwenda kuwa walimu. Kesho nitamwadhibu mtoto kwa kunakili mtihani huku simu yangu imejaa jasho la wazee?

"Waweke YouTube." Naam, waweke, nitawasaidia mimi. Lakini kwa akaunti yao. Ukiingia leo utakuta nyimbo nyingi za zamani za dansi zimepandishwa na watu ambao hawakuwahi kushika hata njuga. Mkanda umebadilika kuwa akaunti, ila mwenye mzigo na mwenye njia bado si mtu mmoja.

Na wale wa "sheria haipo" naomba wanyamaze. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999. Haki za mtunzi zinaishi muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Maana yake utunzi wa mtu aliyefariki mwaka 2014 bado una wenyewe, ni watoto na wajukuu. Kilichopungua ni sisi kuona aibu.

Sasa niseme kilichonifanya niandike leo na siyo wiki ijayo. Kamati ya sherehe fulani, siitaji, imewaalika babu na wenzake kuja kupiga muziki. Nimeiona barua. Inasema watapewa "chakula na cheti cha shukrani", na kwamba onyesho lote litarekodiwa kwa video "kwa matumizi ya kamati". DJ atalipwa taslimu, mpishi taslimu, mwenye mahema taslimu. Wazee sita wenye magitaa, cheti. Watakitundika wapi hicho cheti, juu ya sufuria?

Babu amefurahi, anataka kuja. Ameshampelekea fundi koti. Yeye kwake kuitwa chuo kikuu ni heshima kubwa, na hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba furaha yake ndiyo tunayoitumia kumpunja. Nilimwambia kuhusu wapagazi na kuweka mzigo chini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mjukuu, babu wa babu yako alikwenda pwani mara tatu. Hakuna mara moja aliyoondoka bila kujua anarudi na nguo ngapi." Akanyamaza. Halafu: "Basi waulize hao watu wako, sisi tunarudi na ngapi."

Kwa hiyo nawauliza hadharani, kama nilivyotumwa. Wazee wanarudi na ngapi?

Masharti siyo magumu. Walipwe taslimu, kiasi kiandikwe kwenye karatasi kabla hawajapanda jukwaani. Video iwe yao, kamati ipewe nakala. Flashi zao ziuzwe mlangoni. Kama haiwezekani, siku hiyo mtaniona mimi hapo getini nimebeba gitaa la babu begani tunarudi Ng'ambo, na nyie mtacheza na cheti chenu.

Na kabla hamjaniambia nianze na mimi: nimeanza. Nimepita mabweni mawili na daftari. Watu 38 wamekiri wanazo nyimbo, wawili wamekana huku simu zao zinaimba. Flashi zilizobaki kwa babu ni 31. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa vimbwetani, kimbweta cha pili chini ya mwembe, nikiwa na boksi la flashi na orodha. Atakayetaka flashi atapata yenye namba yake, asiyetaka atalipia tu alichokwisha kunakili, hata kwa awamu mbili. Jina la kwanza kwenye orodha ni langu, mbele yake nimeandika 10,000 nyingine, kwa sababu mimi ndiye niliyefungua bomba.

Wewe wa fulana nyeusi, nakusubiri. Ulisema Radiohead walimwachia msikilizaji aamue bei. Wazee wa Ng'ambo bei yao wameshaiandika.

Njooni na chenji.